Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Lamu: Mkahawa Uliolisha Mui Huu Usipotee Bila Kuandikwa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu,
Kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia utamaduni na utalii,
Kwa wasimamizi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya hapa Lamu.

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum.

Ndani ya mji wetu wa kale tuna makumbusho ya posta ya Wajerumani. Posta yenyewe ilifunguliwa Novemba 1888, ikafungwa Machi 1891. Iliwekwa hapa kwa sababu Wajerumani walikuwa na maslahi yao kwa Sultani wa Witu, kule bara, na mkataba wao na Waingereza wa mwaka 1890 ulipowatoa huko, posta ikabaki haina wa kumtumikia. Miaka miwili na miezi minne, basi. Hata hivyo ina jengo lake, ina picha na maelezo, na mgeni akija anaonyeshwa. Sina ugomvi na hilo. Historia ikitunzwa, hata iwe ya muda mfupi, ni jambo jema, na wanafunzi wetu wananufaika nayo.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mkahawa uliolisha mui huu, yaani mji wetu, tangu zama za majahazi ya Arabuni, ukaiona bendera ya Uhuru ikipandishwa, ukawapokea mahippi, ukafika mpaka siku za kafyu, umetoweka, na sijapata ofisi hata moja yenye karatasi inayosema kwamba uliwahi kuwepo.

Jina lake siliandiki hapa. Haukuwa na kibao mlangoni. Watu waliuita kwa jina la mwenyewe, na mwenyewe ni marehemu, Mola amrehemu. Watoto wake wapo, na ni haki yao kuamua jina la baba yao litajwe vipi na wapi. Lakini mtu wa Amu, yaani Lamu, aliyefika utu uzima atajua napasema wapi: upande wa pwani, kwenye kichochoro kinachopanda kutoka gatini kuelekea Mkunguni, mahali ambapo leo panauzwa simu na vocha.

Palikuwa mahali pa kawaida sana kwa macho. Mabenchi marefu ya mbao, meza zilizosuguliwa mpaka zikang'aa, kabati la kioo la kuwekea vitafunio, dele la kahawa tungu juu ya makaa, na redio juu ya rafu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa mwenyewe. Baada ya swala ya alfajiri walianza kuingia mahamali wa gatini na wavuvi waliokesha baharini. Hao walikuwa wateja wa kwanza na ndio walioupa mkahawa saa zake. Mvuvi aliyetoka kuvua usiku hana subira ya kungojea, anataka chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, mahamri na mbaazi za nazi, kisha akalale. Asiyetaka maziwa alipewa chai ya mkandaa. Saa mbili hivi wakaja makarani wa serikali na walimu. Adhuhuri palikuwa na wali wa nazi na mtuzi wa samaki, na ndimu na pilipili kando, na Ijumaa baada ya swala palikuwa na pilau. Alasiri ilikuwa ya wazee, kahawa na haluwa, na mazungumzo marefu ambayo ndani yake mui wote ulipitiwa, nyumba kwa nyumba.

Mtu akifariki Faza au Siyu, kisiwani Pate, habari ilifikia pale kabla ya kufika kwa jamaa zake, kwa sababu nahodha wa mashua aliteremka na kwenda moja kwa moja kunywa chai. Barua za mabaharia ziliachwa kwenye kaunta. Mtu aliyetafuta mtu hakuambiwa mtaa, aliambiwa, nenda mkahawani ukaulize. Saa ya taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya, vijiko vilitulia.

Naomba sasa, Waheshimiwa, mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo ilipo historia yenyewe. Jiko la mkahawa ule halikuwa mkahawani. Pale uani palichemshwa chai, pakakaangwa samaki, na wali ukapikwa. Lakini mahamri, vitumbua, mkate wa mofa, kaimati za Ramadhani, achari ya ndimu na ya embe, vyote vilitoka majumbani, Langoni, Mkomani na mitaa mingine ya ndani. Wanawake waliamka usiku wakakanda, wakakuna nazi kwa mbuzi, wakakamua kwa kifumbu, wakawasha makaa hali mui mzima umelala. Wengi wao walikuwa wajane, au wake wa mabaharia ambao waume zao walikuwa mbali miezi mingi. Desturi ya wakati ule haikumpa mwanamke wa heshima nafasi ya kukaa sokoni na kuuza. Kwa hiyo biashara ilitoka nyumbani bila yeye kutoka. Kukipambazuka, watoto walikuwa vichochoroni na masinia vichwani, yamefunikwa kwa kawa, wakikimbilia kufika kabla ya wenzao. Nami nilikuwa mmoja wa watoto hao.

Mwenye mkahawa alipokea, akahesabu, akaandika katika daftari lake. Jioni mtoto alirudi na sinia tupu akapewa pesa za mama. Kwa pesa hizo watu walisomeshwa. Paa ziliezekwa upya. Mtu alizikwa kwa heshima. Na daftari lile, kwa wale waliowahi kuliona, liliandikwa kwa majina ya kina mama, kila jina na alicholeta. Huenda ndiyo orodha pekee iliyowahi kuandikwa ya wanawake wafanyabiashara wa Amu wa miaka ile, na iliandikwa na muuza chai kwa ajili ya hesabu yake ya jioni.

Lakini mui haukusema kwamba bi fulani anafanya biashara. Mui ulisema mahamri ya mkahawa wa fulani ni matamu. Sifa ilikwenda kwa mwenye mlango, na yeye mwenyewe, nimshuhudie kwa haki, hakuipenda hali hiyo. Mgeni akimsifu alimjibu kuwa yeye hajui hata kukanda unga.

Hii ndiyo sababu sioni kuwa ninawaombea kumbukumbu ya muuza chai mmoja. Mkifungua historia ya mkahawa ule mtawakuta ndani yake wanawake ambao hawamo katika kitabu chochote cha historia ya mui huu. Tumeandika kuhusu masultani wa Pate, kuhusu vita vya Shela, kuhusu Ngome iliyoanza kujengwa 1813 na kumalizika 1821, kuhusu masharifu na masheikh, na ni haki yao wote. Wale waliotulisha tumewapita.

Turudi kwenye bahari, kwa sababu mkahawa uliishi kwa bahari. Kila kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba hivi, majahazi ya Arabuni na ya Ghuba yalishuka pwani hii na tende, chumvi, mazulia na samaki wakavu, yakangoja kusi ya kurudi nayo, na yakarudi yamepakia boriti za mikoko yetu. Nyumba nyingi za kale za Ghuba zimeezekwa kwa boriti zilizokatwa katika visiwa hivi. Wakati boriti zinahesabiwa na kupakiwa, mabaharia walikaa hapa wiki nyingi, na walikula wapi? Walikuwa hawana jamaa wa kuwapikia. Mkahawa ule na mingine michache, mingi yake ikiwa mikononi mwa watu wenye asili ya Hadhramaut kule Yemeni, ndiyo iliyowalisha. Wazee wanakumbuka kuwa meza moja ilisikika Kiarabu cha Sur ya Omani, nyingine Kibajuni, nyingine Kiamu, na aliyekuwa akielewa lugha zote ni kijana wa kupanguza meza.

Mafuta yalipobadilisha maisha ya Ghuba, majahazi yakapungua. Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa boriti kwenda nje mwaka 1982, musimu kama ulivyojulikana na wazee ukafikia mwisho. Kufikia hapo mkahawa ulikuwa tayari umeshapata wateja wengine. Miaka ya sabini vijana wa Ulaya na Marekani, tuliowaita mahippi, walikuja na mikoba ya mgongoni na pesa kidogo, wakakaa miezi. Wazee hawakuwapenda kwa mavazi yao, na walikuwa na haki. Lakini mwenye mkahawa aliwalisha, aliwakopesha, na wengine walipougua malaria aliwapelekea uji.

Hapa pana jambo la kutazamwa vizuri. Mpaka leo, mtu aliyeko London au Nairobi ukimtajia Lamu anaweza kukutajia Petley's, nyumba ya wageni ya pale pwani iliyobeba jina la Mwingereza Percy Petley. Anaijua kwa sababu waliokuwa wakilala na kunywa pale walikuwa na kalamu, wakaandika. Waliokula kwetu hawakuandika. Mvuvi alikula, akalipa au akakopa, akaenda zake. Historia ya sehemu ya mgeni ikabaki duniani, ya sehemu ya mwenyeji ikabaki vinywani, na vinywa vyenyewe sasa vinafumba kimoja baada ya kingine.

Maulidi ndiyo ilikuwa kilele cha mwaka. Wageni wa Riyadha, msikiti ulioachwa na Habib Swaleh, walifika kutoka Mombasa, Tana, Unguja, Ngazija na kwingineko. Nyumba zilijaa, mabaraza yakajaa, na mkahawa haukufungwa usiku. Kwa siku hizo masinia yalipishana vichochoroni toka alfajiri hadi usiku wa manane, na mama aliyekuwa na watoto wadogo aliazima watoto wa jirani wa kubeba. Nisiendelee sana hapa, kila mtu wa Amu ana Maulidi yake ya kusimulia.

Kisha zikaja shida ambazo nyinyi Waheshimiwa mnazijua kuliko mimi. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, nchi zao zikawashauri raia wao wasije, na pwani ikapooza. Juni 2014 ukatokea msiba wa Mpeketoni, watu wakauawa. Ikafuata kafyu ya usiku, na uvuvi wa usiku ukakatazwa. Tazameni maana yake kwa mkahawa wa namna hii. Kumkataza mvuvi asiende baharini usiku ni kumwondolea mkahawa mteja wake wa alfajiri. Mtu kutotoka baada ya Magharibi ni kuondoa kahawa ya usiku. Mama hawezi kumtuma mtoto na sinia gizani. Mkahawa haukufungwa na mtu, ulikatiwa saa zake. Sisemi kafyu haikuwa na sababu. Watu walikuwa wamekufa, na serikali ina wajibu wa kulinda roho za raia. Nasema gharama yake haijaandikwa popote, na hii ni sehemu moja ya gharama hiyo.

Ukajikongoja miaka mingine michache. Machi 2020 ikaja kafyu ya Korona nchi nzima, mikahawa ikakatazwa kukalisha wateja, na ule wetu haukufunguka tena. Mwenyewe alikuwa ameshazeeka, naye akatangulia mbele ya haki muda si mrefu baadaye. Warithi wakagawana, jengo likakodishwa, mabenchi yakatolewa, kabati la kioo likauzwa. Silaumu familia. Hakuna aliyewafikia kuwaambia kwamba walichokirithi kina thamani zaidi ya kodi.

Nilipoanza kuuliza, nilikwenda katika ofisi moja ya umma nikaeleza ninachotaka. Nilipokelewa kwa adabu. Nikaambiwa jengo lile halina mlango wa nakshi, halina zidaka za ukutani, halina daka la kale la mlangoni, na ukuta wake wa mbele ulikarabatiwa kwa saruji, kwa hiyo halina thamani ya kihistoria. Nilitoka nimevunjika moyo, lakini pia nilitoka na swali ambalo nalileta kwenu: ni nani aliyesema thamani ya Amu imo milangoni tu?

Sheria haikusema hivyo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inapoeleza maana ya mnara wa turathi inazungumzia mahali au jengo la umri wowote lenye umuhimu wa kihistoria, wa kitamaduni, au umuhimu mwingine wowote kwa binadamu. Umri wowote. Na inasema mahali, haikusema nakshi. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazipa serikali za kaunti kazi ya kuweka rejista ya maarifa hayo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka shughuli za utamaduni, makumbusho na maktaba mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo Mheshimiwa Gavana hahitaji kungoja ruhusa ya Nairobi ili mtu wake aketi na kibibi na kinasa sauti.

Na nchi yetu ina sifa duniani kwa jambo hilihili. Mwaka 2021 UNESCO iliiandikisha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili na desturi zake katika orodha ya mifano mizuri ya kuigwa na mataifa. Kazi hiyo ilianza 2007, wataalamu na vikundi vya wananchi wakaorodhesha mimea ya asili ipatayo 850 pamoja na majina yake kwa lugha zetu. Tumesifiwa kwa kuandika majani, na ni kazi kubwa na ya haki. Basi tuandike na mikono iliyopika.

Mji wa kale wa Lamu ulitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Sote tunajua kwamba hekta zake kumi na sita hazikupewa heshima hiyo kwa mawe ya matumbawe peke yake. Uliingizwa kwa kuwa watu wameishi hapa zaidi ya miaka 700 bila kukatika na bado wanaishi kama mji: wanaswali, wanaoa, wanazikana, wanakula. Mji huu wageni wakiukuta una milango mizuri lakini hauna mahali pa mvuvi kunywa chai kwa bei ya mvuvi, watakuwa wameukuta mwili. Tayari katika pwani yetu sehemu kadhaa za kulia zinaandika bei ambazo mtu wa gatini hawezi kuzisoma mara mbili.

Tena haya hayangoji. Bandari ya Kililana ilipokea meli zake za kwanza Mei 2021. Watu wapya wanakuja, na karibu yao. Amu imewapokea wageni tangu zamani. Mahakama Kuu ya Malindi, katika hukumu yake ya 2018 kuhusu mradi huo, ilikubali kuwa haki za kitamaduni za watu wa Lamu hazikuangaliwa ipasavyo. Hukumu imeandikwa, lakini kazi ya kuonyesha utamaduni wenyewe ni upi, nani aliubeba na wapi, ni yetu na yenu. Kesho tukienda tena mbele ya hakimu tukasema tuna historia, atatuuliza iko wapi.

Ninachokiomba ni hiki. Kabla ya Maulidi ijayo, kaunti na Makavazi wawateue watu wawili au watatu wenye subira na wanaojua Kiamu, wakae na wazee waliokula pale, watoto wa mwenyewe, mahamali waliobaki, na zaidi ya wote wanawake waliopika. Warekodi sauti zao, waandike mapishi yao kwa vipimo vyao wenyewe na si kwa gramu za mtu mwingine, na nakala ibaki hapa Lamu, mahali ambapo mwanafunzi wa Faza au wa Hindi yetu ya kaunti hii anaweza kwenda kuisikiliza bila kupanda basi la kwenda Nairobi. Hilo ndilo la kwanza, na kama mtafanya moja tu, basi fanyeni hilo.

Daftari la hesabu, familia ikiridhia, lipigwe picha kurasa zote kabla mchwa na unyevu havijalimaliza. Karatasi haidumu katika hewa hii ya chumvi, na nyinyi wa Makavazi ndio mnaojua namna ya kuitunza. Ombi lipelekwe kwa heshima, kwa maandishi, na umiliki ubaki kwa familia. Ukuta ule wa kichochoroni uwekwe kibao kidogo, kwa Kiswahili kwanza, kinachosema hapa palikuwa na nini na nani walipika. Mpangaji wa sasa nimeshasema naye, hana pingamizi. Na Ngome, ambayo ilikuwa jela mpaka 1984 na leo ni ya umma, haikosi kona ya kuweka sinia, kawa, mbuzi na dele pamoja na sauti za wenyewe wakieleza.

Pia mikahawa iliyobaki. Ni michache, mnaijua. Msiitoze ada na leseni kama mahoteli ya watalii. Karani wa kaunti anapoingia kukagua, akumbuke kwamba nyuma ya kila kabati la kioo kuna kina mama watano au sita ambao hawaonekani, na kwamba ukifungwa mlango mmoja zinazimika seredani kadhaa.

Naomba pia jambo hili lisigeuzwe kuwa la tamasha. Tuna sherehe ya utamaduni kila mwaka, na mbio za punda na za majahazi zinapendeza, nami huenda kuzitazama. Lakini kumkalisha bibi wa miaka themanini chini ya turubai apike mahamri mbele ya kamera kwa siku mbili, kisha arudi nyumbani bila jina lake kuandikwa mahali, ni kumtumia. Afuatwe kwake, asikilizwe kwa wakati wake, aulizwe kama anataka jina lake litajwe, na alipwe kwa siku aliyoitoa. Mtaalamu akija kutoka nje analipwa. Huyu ndiye mtaalamu.

Kuna watu watakaosema bajeti haipo. Kinasa sauti si ghali, na siku hizi simu ya mfukoni inatosha. Tuna vijana waliomaliza vyuo na hawana kazi, wanaojua kurekodi na kuhariri kuliko sisi sote, na wanawajua mabibi hawa kwa sababu ni mabibi zao. Kinachohitajika ni barua yenye mhuri inayosema kazi hii ni ya kaunti, ili kijana akibisha hodi asidhaniwe anatafuta habari za kuuza.

Nimeshakwenda kwa baadhi ya kina mama hao. Mmoja aliniambia, "Andikani nyinyi mlosoma, sisi tulikuwa na mikono tu." Mwingine alinitajia, bila kusita, nyumba zote za mtaa wake zilizokuwa zikipeleka masinia, nani alijua vitumbua, nani mofa, na nani aliharibu soko kwa kupunguza nazi. Kumbukumbu yake ni nzima, lakini afya yake si nzuri. Tangu nianze kuuliza, wawili kati ya niliotaka kuwafikia tumewazika.

Bibi huyo yuko tayari kuketi na mtu wenu siku yoyote baada ya swala ya Alasiri. Nyumba yake iko Langoni, nami nitamfikisha mwenyewe mlangoni. Tafadhali mtakayemtuma awe mwanamke, kwa sababu mengi ya kusimulia ni ya ndani ya nyumba na hatayasema mbele ya mwanamume asiyemjua. Na aje na daftari kubwa.

Wassalaam,

Mkazi wa Langoni,
Lamu